Hina ya Dawa: Kuvuna, Kusaga na Kutumia Majani ya Mhina kwa Njia ya Matabibu wa Kale

Pwani ya Uswahilini ukitaja hina, watu hufikiri arusi na Idi, na wengi wetu tumeizoea kama pambo. Matabibu wa kale wa Kiyunani, wa Kiarabu na wa Kihindi waliiweka kwanza kwenye orodha ya dawa. Kwao jani la mhina lilikuwa dawa ya kupaka: ya miguu inayowaka, ya kichwa kinachouma kwa joto, ya jipu, ya ngozi iliyoungua. Sehemu ya ujuzi huo bado ina faida, sehemu nyingine imepitwa na wakati, na iko sehemu ambayo leo tunajua ni hatari kwa baadhi ya watoto wetu. Mwongozo huu unakupitisha kwenye kazi nzima, kuanzia kichaka hadi mguuni, na unasema wazi pale pa kusimama.

Hatua ya 1: Utambue mhina wenyewe

Mhina ni kichaka chenye matawi mengi, na ukiachwa bila kukatwa hufika mita 2 hadi 6. Ukipata maji hubaki na kijani chake mwaka mzima. Kiangazi kikali huupukutisha majani, kisha huchipua tena mvua ikinyesha. Majani yake ni laini, membamba, yana urefu wa sentimita 2 hadi 5, na hukaa mawili mawili yakielekeana kwenye kitawi. Maua ni madogo, meupe au ya waridi hafifu, yana petali nne zilizojikunja, na hukaa kwa vishada vyenye harufu inayofika hadi kwa jirani wakati wa jioni. Matunda ni vifuko vya mviringo vya rangi ya kahawia. Kichaka kikizeeka, ncha za vitawi hugeuka miiba, basi vaa glavu unapovuna.

Wataalamu wa mimea huuita Lawsonia inermis. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, ndiye aliyeupa jina hilo mwaka 1753 kwa kumuenzi Isaac Lawson, daktari wa Uskochi aliyemsaidia gharama za kuchapisha kazi yake. Mhina uko katika familia moja na mkomamanga.

Kama una shaka na kichaka ulichooneshwa, chuma majani machache, yaponde pamoja na matone ya ndimu, uweke kiganjani nusu saa. Mhina utakuachia doa la rangi ya chungwa. Usipoachia, umeoneshwa mti mwingine.

Hatua ya 2: Jua waliutumia kwa nini

Usiruke sehemu hii, kwa sababu ndiyo itakayokusaidia kuchagua la kufuata na la kuacha.

Dioscorides, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 1, aliandika kwamba mhina bora hutoka Ascalon na Canopus, yaani pwani ya Palestina na mdomo wa Mto Nile. Alisema majani yake hukaza ngozi. Kwa hiyo hutafunwa kwa vidonda vya mdomoni, hubandikwa juu ya uvimbe wenye moto na majipu, na maji yaliyochemshiwa majani humwagiwa mtu aliyeungua. Maua aliyasaga na siki akayaweka kwenye paji la uso kwa maumivu ya kichwa. Wimbo Ulio Bora, katika Biblia, nao unaitaja hina ya Engedi, eneo lile lile la Mashariki, ingawa pale ni kwa uzuri na harufu.

Kwa Waislamu, hina ina daraja yake katika tiba. Salma, mtumishi wa Mtume (s.a.w.), amepokewa katika Sunan ya Abu Dawud akisema kwamba aliyelalamikia kichwa aliambiwa aumikwe, na aliyelalamikia miguu aliambiwa aipake hina. Katika vitabu vya hadithi vya Tirmidhi na Ibn Majah imepokewa vilevile kwamba hina iliwekwa penye jeraha au mchomo wa mwiba. Ibn al-Qayyim wa Damascus, aliyefariki mwaka 1350, alizikusanya habari hizi katika kitabu chake cha tiba ya Mtume na kuongeza ya matabibu: hina na siki kwenye paji la uso, hina juu ya uvimbe wenye moto, hina kwa mahali palipoungua. Aliandika pia kwamba mtoto akianza kutokwa na ndui, akipakwa hina nyayoni macho yake husalimika. Hilo la mwisho tulisome kama historia. Ndui ilitokomezwa kwa chanjo, na Shirika la Afya Duniani likatangaza mwisho wake mwaka 1980.

Ukiyaweka maandishi haya pamoja utaona jambo moja: karibu kila mahali hina inakwenda kwenye joto na kwenye ngozi. Miguu inayowaka, paji la uso lenye moto, jipu jekundu. Watu wa kale walieleza kwa lugha yao kwamba hina ni baridi. Sisi leo tunaweza kueleza kwa njia nyingine. Tope lenye maji hupooza ngozi linapokauka polepole. Tanini iliyomo ndani ya majani hukaza ngozi na kupunguza unyevu. Nayo lawsoni, ile kemikali inayotoa rangi, hushikamana na keratini, yaani protini ya ngozi na kucha, na katika maabara imeonekana kuzuia baadhi ya fangasi wa ngozi. Maabara na mguu wa mtu si kitu kimoja, lakini ni sababu ya kutosha ya kutoidharau kauli ya wazee.

Hatua ya 3: Kabla ya kupaka, uliza swali la damu

Wako watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu. Hali hii hurithiwa, huwapata zaidi wanaume, na ni ya kawaida katika nchi zenye historia ndefu ya malaria, pamoja na pwani yetu. Lawsoni hupenya ngozi kwa kiasi kidogo. Kwa mtu mwenye upungufu huu, hasa mtoto mchanga, kiasi hicho kinaweza kuvunja chembe za damu kwa kasi. Mtoto hupauka, macho huwa ya manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi. Zipo taarifa za madaktari za watoto waliolazwa, na wengine waliofariki, baada ya kupakwa hina mwilini.

Kwa hiyo:

Usimpake hina mtoto mchanga, hata kidogo cha kitovuni au nyayoni, hata kama bibi yake amesema ni mila ya ukoo. Mheshimu bibi, mweleze kwa upole, lakini usipake. Watoto wengine wadogo nao wasubiri mpaka ijulikane hali yao ya G6PD, hasa kama kuna ndugu aliyewahi kupata manjano makali utotoni au kuishiwa damu baada ya dawa za malaria au baada ya kula maharage ya fava.

Usiinywe. Kuna sehemu za dunia ambako majani huchemshwa kwa ajili ya ugonjwa wa manjano, na mizizi hutumiwa kuharibu mimba. Tazama hatari iliyopo: mtu mwenye manjano yaliyotokana na kuvunjika damu akinyweshwa hina, ameongezewa ugonjwa ule ule. Mjamzito asikaribie kabisa hina ya kunywa. Hata ile njia ya Dioscorides ya kutafuna majani kwa vidonda vya mdomoni naiacha, kwa kuwa mate yenye dawa humezwa. Maji ya chumvi yanatosha.

Usipake kwenye kidonda kilicho wazi wala mahali palipoungua. Palipoungua pana haki ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali kama ni pakubwa. Hina itampaka rangi mgonjwa hadi daktari ashindwe kuona kina cha jeraha.

Mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi, au ana kidonda cha mguu, amwone daktari kwanza. Kwake miguu kuwaka inaweza kuwa dalili ya mishipa ya fahamu iliyoathirika, na hina itatuliza tu huku sukari ikiendelea na kazi yake.

Mtu mzima mwenye afya naye apake kidogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, asubiri saa 24. Pakiwasha au kuvimba, aache.

Hatua ya 4: Panda, kisha uvune

Kupanda kwa vipande vya matawi ni rahisi kuliko kwa mbegu. Kata tawi lililokomaa, lenye unene wa penseli na urefu wa kama sentimita 20, ondoa majani ya chini, chomeka nusu yake kwenye mchanga uliochanganywa na udongo, weka kivulini na umwagilie bila kutuamisha maji. Likishachipua vizuri lihamishe penye jua kamili. Mhina hupenda joto na huvumilia ukame na udongo wa kichanga. Baridi ya milimani huudumaza. Ndiyo maana hina ya sokoni hutoka sehemu kavu zenye jua kali, kama Sojat katika jimbo la Rajasthan nchini India, Yemen na Sudan.

Acha kichaka kijishike angalau mwaka mmoja kabla ya kuvuna. Vuna wakati wa ukavu, asubuhi umande ukishakauka. Chukua vitawi vya juu vyenye majani machanga, na usitupe vikonyo vya majani, maana humo ndimo rangi ilimojaa zaidi. Kata kwa mkasi wa bustani, usinyofoe. Kichaka kilichokatwa vizuri huchipua kwa wingi.

Hatua ya 5: Kausha na usage

Tandaza majani kwenye jamvi au ungo, kivulini, penye upepo. Jua kali huyababua yakawa ya kahawia na kuipunguzia rangi nguvu. Yageuze kila siku. Siku chache za kiangazi hutosha, na utajua yamekauka pale jani linapovunjika kwa sauti ukilikunja. Pepeta kuondoa mchanga na vijiti.

Twanga kwenye kinu, kisha uchekeche kwa kitambaa cha melimeli au chujio lenye matundu madogo sana. Yaliyobaki juu rudisha kinuni. Mashine ya kusagia viungo nayo inafaa, mradi isipashe unga moto. Funga pua na mdomo kwa kitambaa, kwa sababu vumbi la hina hukereketa kifua, na wenye pumu huumia. Unga mzuri una rangi ya kijani kibichi inayoelekea ukahawia, na hunukia kama majani makavu yaliyolowa mvua.

Kama huna kichaka, utanunua dukani, kwenye maduka ya viungo ya Darajani, Marikiti au Kariakoo. Soma pakiti: kiambato kiwe kimoja tu. Ukifika nyumbani, koroga kijiko kimoja cha unga kwenye glasi ya maji uache. Mchanga wa kuongezea uzito utatua chini kabisa. Unga wenye kijani kinachong'aa mno umetiwa rangi.

Hatua ya 6: Kanda

Kwa miguu miwili ya mtu mzima, gramu 100 za unga zinatosha. Tumia bakuli la udongo, la glasi au la plastiki. Kamulia ndimu mbili au tatu, kisha ongeza maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, ukikoroga, mpaka upate tope zito kama mtindi. Asidi ya ndimu huiachia lawsoni itoke kwenye majani taratibu, ndiyo maana tope husubirishwa. Kwenye joto la Mombasa au Tanga saa 4 hadi 6 zinatosha. Nairobi au Arusha wakati wa baridi iache usiku kucha. Tope liko tayari pale uso wake unapokuwa wa kahawia huku ndani likibaki kijani.

Ngozi ikiwa na mikwaruzo iliyokwisha kufunga au ni nyepesi, tumia maji peke yake au maji ya majani ya chai yaliyopoa, maana ndimu huchoma. Mafuta ya mkaratusi na ya karafuu, ambayo mafundi wa kuchora maua ya hina hupenda kutia ili rangi ikolee, hayana nafasi kwenye hina ya dawa; ngozi iliyokwisha kukereka haiyahitaji. Wala usitie petroli, kama wafanyavyo baadhi ya watu.

Hatua ya 7: Paka mahali panapostahili

Miguu inayowaka na magaga. Hapa ndipo hina ilipojipatia jina, na hapa ndipo mimi naipa imani kubwa kuliko kwingine kote. Osha miguu, sugua nyayo kwa jiwe la kusugulia, kausha vizuri hadi katikati ya vidole. Kama hutaki rangi ipande juu ya mguu, pakaza mafuta ya nazi sehemu hiyo. Paka tope nyayo nzima, unene wa milimita 3 hivi, kisha kaa umeinua miguu kwenye kigoda. Ubaridi wake utauhisi ndani ya dakika chache. Acha saa 2. Anayetaka ngozi ikazike zaidi aache hadi 4. Tope likikauka, libandue kwa mkono au kisu butu cha mbao, futa kwa mafuta ya nazi, na usitie maji mpaka kesho yake. Rangi itaanza ya chungwa na kukolea kwa siku mbili. Magaga yanayotoka damu yasubiri yafunge kwanza.

Waganga wa India nao hutumia hina kwa nyayo zinazowaka. Mwaka 2008 madaktari wa Uturuki walichapisha habari ya wagonjwa wachache wa saratani, waliochubuka viganja na nyayo kwa sababu ya dawa iitwayo kapesitabini, ambao walipata nafuu baada ya kupakwa hina. Wagonjwa wachache si ushahidi wa kufunga mjadala, na mgonjwa wa saratani asijitibu bila daktari wake kujua. Hata hivyo ni mguu ule ule na moto ule ule uliotajwa katika hadithi ya Salma.

Nyungunyungu na fangasi za vidoleni. Kwa wanaofua, wanaovua na wanaolima mpunga, hili ni tatizo la kila msimu. Maadamu ngozi haijachanika, paka tope jepesi katikati ya vidole kwa saa moja, bandua, acha pakavu, rudia baada ya siku tatu. Pakiendelea kuwasha baada ya wiki mbili, nenda duka la dawa ukapate krimu ya fangasi. Kukausha miguu na kubadili soksi kutakusaidia kuliko dawa yoyote.

Kichwa cha joto. Wale waliotoka juani na kichwa kinawagonga wanaweza kufuata njia ya Dioscorides na Ibn al-Qayyim. Ponda konzi ya maua mabichi na kijiko kimoja cha siki, funga ndani ya kitambaa kilichokunjwa mara mbili, weka kwenye paji la uso kwa dakika 15, umefumba macho. Usitumie tope la majani moja kwa moja, usije ukatembea na paji la chungwa wiki nzima. Kunywa maji pia. Kichwa chenye homa, shingo ngumu au kutapika hakitibiwi kwa siki na maua. Hicho ni cha hospitali.

Kucha zinazokatika. Paka tope kwenye kucha na pembezoni mwake kwa saa 2, mara moja kwa mwezi. Rangi haifutiki kwenye kucha, hutoka zinapokua. Anayetarajia upasuaji asipake kucha za mikono, kwa kuwa kifaa cha kupimia oksijeni ya damu hubanwa kwenye kidole na rangi inaweza kukipotosha.

Jipu sitalielekezea hina, ingawa wa kale walifanya hivyo. Kitambaa cha maji moto huivisha jipu vizuri zaidi, na jipu lenye homa lina daktari wake.

Hatua ya 8: Tenga hina na piko

Mambo yote niliyoyasema yanahusu jani. Piko, ile nyeusi inayochorwa pamoja na hina, ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Katika Umoja wa Ulaya sheria huiruhusu PPD kwenye rangi ya nywele kwa kiwango maalumu tu, na huikataza kupakwa ngozini. Inaweza kuleta malengelenge yanayofuata mchoro wenyewe, makovu, na mzio wa maisha: mtu aliyedhurika mara moja anaweza kuvimba uso miaka mingi baadaye akipaka rangi nywele, na wengine miili yao hukataa hata baadhi ya dawa za ganzi. Nawaomba mama na masomo wanaowapamba maharusi walifikirie hili kabla ya kumchora binti wa miaka sita siku ya Idi.

Kuijua ni rahisi. Hina haiwezi kuwa nyeusi ngozini ndani ya saa moja. Huanza chungwa kila mara. Kinachokuwa cheusi upesi, chenye harufu kali ya dawa, usikipake. Aliyekwisha kupakwa na kuanza kuwashwa aoshe mara moja kwa maji mengi na sabuni. Akipata malengelenge aende hospitali, na akivimba midomo au kukosa pumzi akimbizwe. Mweleze daktari kwamba ilikuwa piko, na kama pakiti ipo, ibebe.

Kuhifadhi

Unga mkavu utie kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, uweke gizani mbali na jiko. Ndani ya mwaka mmoja rangi na nguvu yake hupungua, basi andika tarehe ya kusaga. Tope lililobaki hukaa miezi kadhaa kwenye friza likiwa limefungwa vizuri. Nje huharibika siku moja au mbili. Chupa ya hina ya dawa isikae rafu moja na vifaa vya kuchorea vyenye piko, wala isichotwe kwa kijiko kilichogusa piko.